Nani Apange Bei ya Maji na Umeme?

Na mwanafunzi wa Kidato cha 6



Naomba nafasi katika gazeti letu ili nieleze jambo ambalo sikuwahi kulimaliza katika Kilabu cha Majadiliano muhula huu. Hoja ilikuwa kwamba bei ya maji na ya umeme ipangwe na Waziri mwenyewe, isipangwe na tume. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Tulishindwa vibaya, na nakiri tulistahili, kwani msemaji wetu wa kwanza alisoma maneno ya kitabuni mpaka wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wakaanza kusinzia, na mimi niliyemfuata nilipigiwa kengele kabla sijafika penye kiini. Msemaji wa upande wa pili alisimama akasema, "Waziri twamjua kwa jina na kwa sura, akikosea twamlaumu. Hiyo tume nani anaijua?" Ukumbi mzima ukapiga makofi, na hata mwalimu aliyekuwa akishika saa alitabasamu.

Swali lile ni zuri, wala sitaki kulikwepa. Nimelifikiri tangu siku ile, na nimeona kwamba jibu lake si fupi. Hapa hapana kengele, basi wasomaji wanivumilie.

Kwanza yafaa tujiulize kwa nini bei hizi zipangwe na mtu yeyote. Bei ya nyanya sokoni hakuna anayeipanga. Muuzaji akizidisha, mnunuzi huhamia meza ya pili. Lakini bomba la maji linaloingia uani kwenu ni moja, na nyaya za umeme zinazopita mbele ya nyumba yenu ni za shirika moja. Ukikasirika huna meza ya pili. Wala haifai kuweka meza ya pili, maana ingebidi kampuni nyingine ichimbe mtaro mwingine kando ya ule wa kwanza na kulaza mabomba mengine, kisha gharama ya mabomba yote mawili ingelipwa na watu wale wale. Kwa hiyo kampuni ya namna hii huachwa iwe peke yake katika eneo lake, na papo hapo hutafutwa mtu wa kuiangalia isije ikatoza ipendavyo.

Nchi iliyoanza mapema kuliwekea jambo hili utaratibu wa tume ni Marekani. Katika jimbo la Illinois wakulima waliopeleka nafaka Chicago walilalamika juu ya wenye maghala makubwa, kwani nafaka yote ilipita mikononi mwao, nao walitoza walivyotaka. Mwaka wa 1871 jimbo likatunga sheria ya kuweka kikomo cha ada za maghala. Wenye maghala wakaenda mahakamani wakisema, mali ni yetu, serikali inahusika nini na bei yetu? Kesi hiyo ya Munn na jimbo la Illinois ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka wa 1877 mahakama ikaamua kwamba mtu akiitoa mali yake itumike katika jambo linalougusa umma wote, basi umma nao umepata haki ya kuisimamia kwa ajili ya faida ya wote. Wenye maghala hawakunyang'anywa kitu. Waliambiwa tu kwamba hawawezi kushika koo la njia kisha wakadai kuwa ni jambo lao la nyumbani.

Umeme ulipofika ulilikuta wazo hilo tayari. Na hapa pana jambo lililonishangaza niliposoma: mmoja wa watu wa kwanza kuiomba tume alikuwa tajiri wa umeme mwenyewe. Jina lake Samuel Insull, Mwingereza aliyekwenda Marekani mwaka wa 1881 kuwa katibu wa Thomas Edison, na tangu 1892 akawa mkuu wa kampuni ya umeme ya Chicago. Mwaka wa 1898 aliwaambia wenye kampuni wenzake kwamba afadhali kila kampuni ipewe eneo lake peke yake, na badala ya hayo ikubali bei yake ipangwe na tume ya jimbo. Alikuwa amechoshwa na madiwani wa mji, ambao walikuwa wakigawa leseni za umeme kwa huyu na yule, na kila uchaguzi ukija biashara yake hutikisika. Wapo wasemao alijua pia kwamba watu wachache ofisini ni rahisi kuwazoea kuliko mji mzima. Mimi nadhani yote mawili yalikuwemo moyoni mwake. Hata hivyo mwaka wa 1907 majimbo ya Wisconsin na New York yaliweka tume zenye nguvu juu ya kampuni za gesi na umeme, na majimbo mengine yakafuata.

Sasa tume hufanya nini? Wengi hudhani hukaa mezani ikakisia bei inayowapendeza watu. La. Kazi yake ni hesabu, na hesabu yenyewe hata aliyeshindwa hisabati (nami nimo) aweza kuifuata. Nitatoa mfano wa kubuni.

Tuseme iko kampuni ya maji katika mji mdogo. Mitambo, matangi na mabomba yake yana thamani ya shilingi milioni 1,000. Mishahara, umeme wa pampu na dawa ya kusafishia maji vyagharimu milioni 300 kwa mwaka. Mabomba huchakaa, basi milioni 40 huwekwa kando kila mwaka kwa ajili ya uchakavu. Tena wenye mtaji hawawezi kutoa fedha zao bure. Tuseme tume imewakubalia asilimia 8 ya ile milioni 1,000, yaani milioni 80. Jumla ni milioni 420, na hizo ndizo kampuni inaruhusiwa kukusanya mwaka huo. Kampuni inasukuma uniti 1,000,000 za maji kwa mwaka, uniti moja ikiwa ni lita 1,000. Lakini zinazofika kwenye mita za watu na kulipiwa ni uniti 600,000 tu. Nyingine 400,000 zinavujia ardhini, au zinaibwa, au zinapita kwenye mita mbovu. Gawanya milioni 420 kwa 600,000. Bei ni shilingi 700 kwa uniti.

Hapo ndipo tume yenye macho huuliza: kwa nini zile uniti 400,000 zilipiwe na watu ambao hawakuzinywa? Yaweza kuiambia kampuni hivi: "Hapana bomba lisilovuja kabisa, basi tunakubali upoteze uniti 200,000. Zilizobaki ni uzembe wako." Sasa milioni 420 hugawanywa kwa 800,000, na bei ni shilingi 525. Ile tofauti ya shilingi 175 katika kila uniti haikutoka kwa huruma ya mtu yeyote, imetoka kwenye mstari mmoja wa hesabu. Kampuni ikiziba mabomba yake itapata fedha zake zote; isipoziba, hasara ni yake.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu siku ile ya majadiliano wenzetu walizungumza kana kwamba bei ni kitu cha juu au cha chini tu, na kiongozi mwema ni yule anayeisukuma chini. Waziri akisema "bei isizidi 525" na tume ikisema "bei ni 525 kwa sababu hatulipii uvujaji wako", mlipaji ankara haoni tofauti mwezi ule. Tofauti huonekana baadaye, maana kwa amri ya kwanza hakuna aliyeliangalia bomba.

Lakini nisiwe kama mwuza dawa wa mnadani asiyetaja madhara. Tume yaweza kukosea pia. Ikibana mno, kampuni haitakuwa na fedha za kununua mabomba mapya, na uvujaji utazidi. Tena ule utaratibu wa kulipa faida kwa kadiri ya thamani ya mali una tamaa ndani yake, kwani kampuni hupenda kujenga hata pasipo haja, ili mali iwe kubwa na ile asilimia iwe nono. Wataalamu wawili wa uchumi wa Marekani, Averch na Johnson, walilionyesha jambo hilo mwaka wa 1962. Na thamani ya mali yenyewe hupimwaje? Kwa bei iliyonunuliwa, au kwa bei ya leo? Tangu hukumu moja ya mwaka wa 1898 mpaka nyingine ya mwaka wa 1944, mahakama na tume za Marekani zilihangaika na swali hilo, mawakili wakinenepa.

Insull naye alionyesha upungufu mwingine. Alijenga kampuni juu ya kampuni, hii ikimiliki ile, zimetanda katika majimbo mengi, na tume ya kila jimbo iliona vitabu vya kampuni ya jimboni mwake tu. Mwaka wa 1932 jengo lote likaporomoka, na watu wengi wa kawaida walionunua hisa zake wakapoteza akiba zao. Yeye alikimbilia Ulaya, akarudishwa, akashtakiwa, na mwaka wa 1934 akaonekana hana hatia. Mwaka wa 1935 serikali kuu ya Marekani ikatunga sheria ya kuzivunja na kuzisimamia kampuni za namna hiyo. Basi tume isiyoruhusiwa kufungua vitabu vyote yaweza kudanganywa mchana.

Sasa nirudi kwetu. Tume ya Tanzania inayohusika ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ile tunayoiita EWURA. Sheria yake ilitungwa mwaka wa 2001, na kazi ikaanza mwaka wa 2006. Hushughulika na umeme, maji ya mijini, gesi asilia na mafuta. Ile bei kikomo ya petroli ambayo wazee wetu wenye pikipiki huisubiri kila mwezi hutoka kwao, tangu mwaka wa 2009. (Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanzishwa mwaka wa 2019, na hayo ni habari nyingine.) Mwenyekiti wa Bodi yake huteuliwa na Rais na wajumbe huteuliwa na Waziri. Asiyeridhika na uamuzi wake aweza kukata rufani katika Baraza la Ushindani. Na kabla ya kubadili bei, sheria huitaka ifanye uchunguzi na kuwasikiliza watu.

Upo ugumu ambao Wamarekani wale wa 1907 hawakuwa nao sana. Kwao kampuni nyingi zilikuwa za matajiri, na serikali ilisimama upande wa pili. Kwetu TANESCO ni mali ya serikali, na mamlaka za maji za mijini ni za umma. Kwa hiyo serikali ndiyo mwenye duka, ndiyo inayomteua mpima mizani, na tena inawaombea kura wanunuzi. Wenzetu wa Kilabu walisema kwamba kwa sababu hiyo tume haina maana, afadhali Waziri aamue moja kwa moja. Mimi naona kinyume. Maadam serikali ina nafsi tatu katika jambo moja, ndipo hasa yahitajika iwepo meza moja ambapo hesabu itafunguliwa mbele ya watu.

Na meza hiyo imefanya kazi. Mwishoni mwa mwaka wa 2011 TANESCO iliomba bei ya umeme ipande kwa wastani wa asilimia 155. Ukame ulikuwa umepunguza maji mabwawani, na umeme wa mitambo ya mafuta ulikuwa ghali mno. EWURA ikaangalia hesabu, na Januari 2012 ikaruhusu asilimia 40.29. Mwaka wa 2013 shirika likaomba asilimia 67.87, likapewa 39.19 kuanzia Januari 2014. Ni kweli, mtu anayejua atapunguziwa aweza kutaja bei kubwa makusudi, kama wanavyofanya wauza kanga wa Kariakoo, na sijui ni kiasi gani cha zile asilimia 155 kilikuwa haja na kiasi gani kilikuwa cha kupatania. Walakini mwezi wa Aprili 2016 bei ilishushwa kidogo, na ile ada ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi, ambayo mtu wa matumizi ya kawaida alikatwa hata kama hakuwasha taa, ikaondolewa.

Kisha likaja jambo la mwisho wa mwaka ule ule. TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 18.19. EWURA, baada ya kusikiliza, ikatangaza asilimia 8.53 kuanzia tarehe 1 Januari 2017. Kabla mwaka haujapinduka, Waziri wa Nishati na Madini akaizuia nyongeza hiyo, na siku ya mwaka mpya Rais akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO.

Nakumbuka nyumbani kwetu tulifurahi. Baba alisema, "Leo tumepata mtetezi." Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nami nilifurahi kwa kuwa baba amefurahi. Wala simlaumu baba, na viongozi wale walikuwa na hoja yao: walitaka umeme wa nafuu kwa viwanda na kwa wanyonge, na wao ndio waliosimama mbele ya wapiga kura. Lakini leo, baada ya kuisoma habari hiyo kwa utulivu, naona swali moja lilibaki bila kujibiwa. Ile asilimia 8.53 ilikuwa imekosewa mstari gani? Je, EWURA ilizidisha gharama ya mafuta? Ilikubali uvujaji mkubwa mno wa umeme njiani? Ilikadiria madeni vibaya? TANESCO ilikuwa na madeni makubwa wakati ule, na bei inapozuiwa deni halizuiwi pamoja nayo. Hulipwa siku nyingine, kwa bei au kwa kodi. Kama hesabu ilikuwa mbovu, yapasa tuonyeshwe ubovu wake ili isirudiwe. Kama ilikuwa sawa na serikali ikaona watu hawawezi kuilipa, serikali ina haki ya kusema "tutailipa sisi kutoka Hazina", na kiasi hicho kiandikwe katika bajeti, Wabunge wakione. Hizo ni njia mbili za wazi. Amri peke yake hutuacha hatujui tumeokolewa na nini, wala kwa gharama ya nani.

Nayarudia sasa yale maneno ya ukumbini: "Tume nani anaijua?" Hapo ndugu zetu walipiga penye kidonda, na kosa sehemu kubwa ni letu.

Likizo iliyopita nilifuatana na baba mdogo kwenye mkutano wa kusikiliza maombi ya bei mpya ya maji mjini kwetu. Sitautaja mji, wala mamlaka ya maji yenyewe. Matangazo yalikuwa yamepita kwenye redio. Ukumbi ulikuwa na viti mia na zaidi. Mimi nilihesabu watu 37, na kati yao 19 walivaa fulana za namna moja, ndio watumishi wa mamlaka hiyo ya maji. Kitabu cha maombi yao kilikuwa cha Kiingereza, nakala 6 kwa ukumbi mzima. Mhasibu wao alizungumza kwa muda wa saa nzima kwa picha za ukutani zenye mistari ya rangi, na alizungumza vizuri. Kisha wananchi wakakaribishwa. Mwalimu mmoja mstaafu akalalamikia ankara iliyochelewa. Mfanyabiashara mmoja akasema bei isipande kwa sababu maisha ni magumu. Mwenyekiti wa kikao akamsikiliza kwa heshima, lakini niliona kwamba kalamu yake haikuandika kitu, maana "maisha ni magumu" haina mahali pa kuingia katika hesabu.

Ndipo akasimama mzee mmoja mwenye kofia ya kiua. Akasema, "Bwana Mwenyekiti, mtaani kwetu maji hutoka mara 2 kwa juma. Lakini kabla hayajatoka, bomba hupiga mluzi, na mita huzunguka kwa upepo. Nalipia upepo. Nataka kujua katika hesabu hii ya mabwana upepo wangu uko wapi."

Watu wakacheka, na mhandisi wa mamlaka ile naye akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alimwuliza mhandisi kama mabomba ya mtaa ule yana vali za kutolea hewa. Mhandisi akasema, yapo maeneo yenye vali. Mwenyekiti akauliza tena: mtaa ule? Mhandisi akanyamaza kidogo, kisha akasema hana hakika. Kalamu ikaandika. Na uamuzi ulipotoka, katika masharti yaliyofuatana na bei mpya lilikuwemo sharti la kufunga vali hizo katika mitaa yenye mgao, na kupima upya mita za huko. Bei ilipanda, lakini kwa kiasi kidogo kuliko kilichoombwa. Yule mzee hakuwa na shahada wala wakili, ila alikuja na jambo lililoweza kuandikwa.

Aliyekosekana siku ile ni mama yangu. Kwetu ni mlimani, bomba halijafika, na asubuhi ile alikuwa kwenye foleni ya kioski. Huko ndoo ya lita 20 huuzwa shilingi 100. Ndoo 50 hufanya uniti moja, yaani mama hulipa shilingi 5,000 kwa maji ambayo mtu mwenye bomba mjini hayafikishi 2,000, hata kwa ile bei mpya iliyobishaniwa. Katika maamuzi ya bei ya maji huwemo pia bei ya kioski, nayo huwa ya chini. Lakini bei hiyo ni ile kampuni inayomwuzia mwenye kioski au inayotakiwa bombani. Baina ya bomba na ndoo ya mama yuko mtu wa katikati, na hakuna aliyesimama ukumbini kumwuliza mwenyekiti ni nani anayemwangalia mtu huyo. Wenye bomba walikuja kutetea bomba lao. Watu wa ndoo, ambao ndio walipaji wa bei kubwa kuliko wote, hawakuwa na hata kiti kimoja. Mimi nilikuwapo, ni mtoto wa ndoo, na nakiri kwa aibu kwamba sikusimama. Niliogopa zile picha za ukutani.

Sheria yetu ililiona jambo hili. Liko Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji mbele ya Mamlaka, na malalamiko ya mtu mmoja mmoja pia hupokewa. Ni jambo jema. Lakini Baraza haliwezi kujua kwamba bomba la mtaa wa mzee yule hupiga mluzi, mpaka yeye aseme. Kampuni huja kila mara na mhasibu, mhandisi na wakili, na mishahara yao imo ndani ya ile bei tunayolipa. Maana yake tunawalipia wasemaji wa upande ule kila mwezi, kisha sisi wenyewe tunabaki nyumbani. Kikao kikisikia upande mmoja, hata kikiwa na watu waaminifu namna gani, kitaandika kilichosikia.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wa upande wa pili hivi. Waziri twamjua, ndiyo, na twaweza kumlaumu, mara moja katika miaka 5, pamoja na barabara, mbolea na mambo mengine mia. Tume ya bei yaweza kuulizwa jambo moja, siku moja, mbele ya kampuni yenyewe, nayo hapana budi iandike sababu za uamuzi wake, na sababu zilizoandikwa zaweza kupelekwa mbele ya Baraza la Ushindani. Kwangu mimi hiyo ni nguvu kubwa kuliko kujua sura ya mtu. Na mamlaka za maji zinazoleta maombi zilazimishwe kuyaandika kwa Kiswahili, kwa kurasa chache, na mstari wa uvujaji uwe ukurasa wa kwanza. Kama Mwalimu wetu wa Uchumi aliweza kunieleza hesabu yote kwa chaki kwa dakika 40, mhasibu wa kampuni naye aweza.

Nimezungumza na Mwenyekiti wa Kilabu, naye amekubali kwamba muhula ujao, badala ya majadiliano, tufanye kikao cha kuigiza cha maombi ya bei, kwa kutumia ankara za maji za shule yetu za miaka 3, ambazo Mhasibu wa shule amekubali kutupatia. Mimi nimewekwa upande wa kampuni, jambo ambalo nadhani ni adhabu. Wajumbe 3 wa tume wamekwisha patikana. Anatafutwa mtu wa kuwasemea watumiaji, awe tayari kwenda na rula kupima tangi lililo nyuma ya jiko, ambalo sote twajua kwamba linavuja. Anayependa aje bweni letu baada ya chakula cha jioni, na wazazi watakaokuja siku ile wanakaribishwa kuuliza maswali.